Shangazi Nisaidie: Komeo la dei kea

Jamani wasomaji wangu, tangu shule zifunguliwe Januari meseji zenu zinaingia mfululizo na karibu nusu zinahusu hawa wadogo kabisa, wa dei kea na chekechea, wale ambao akirudi nyumbani ukimuuliza leo ilikuaje anakwambia "nimekunywa uji" basi imeisha hiyo. Nimechagua tano. Mnajua mimi nimefundisha chekechea miaka 11 kabla sijaanza kuandika hapa, kwa hiyo hili jambo linanigusa sana, mtanivumilia nikirefusha.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nakaa Mbagala ni mama lishe, nauza chakula kwenye saiti za ujenzi, mwanangu ana miaka mitatu na nusu nampeleka dei kea ya mtaani kwetu buku kwa siku. Juzi chakula kimeisha mapema nikamfuata saa nane mchana, nakuta mlango umefungwa komeo kwa nje, dada anayewalea kaenda dukani, watoto kama ishirini wamelazwa kwenye mkeka mmoja chumba hakina hata feni, wengine wanalia wengine wamelala. Wa kwangu alikuwa macho, kimya, kaptula imelowa. Nikamwambia mbona hukusema unataka kukojoa, akanijibu "anti kasema tulale". Sikusema kitu nikambeba tukaondoka. Nikisema naogopa atamfanyia visa mtoto, na kwingine kote ni ghali au mbali. Wenzangu wananiambia vumilia tu, kwa buku utapata wapi. Nifanyeje?
*Mama wa Mbagala*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hilo komeo limenikosesha usingizi, nakwambia ukweli. Kuna jiko ndani? Kuna waya za umeme zimening'inia? Moto ukitokea hao watoto ishirini nani atawatoa, maana mwenye komeo yuko dukani anasubiri chenji. Kwa hiyo hili la komeo halingoji wiki wala mwezi, hili ni la kesho asubuhi.

Sasa nikuambie kitu kuhusu hiyo kaptula iliyolowa. Mwanao hajakuwa mkaidi wala hajarudi nyuma kiakili, mwanao ametii. Ameambiwa alale akalala, mkojo ukambana akaubana mpaka ukamshinda, na mtoto wa miaka mitatu na nusu hajui kwamba mkubwa anaweza kukosea, yeye akiambiwa na anti anajua ndo dunia ilivyo. Ndiyo maana lazima wewe ndo useme. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kifungu cha 8 imetaja mtoto ana haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu na chanjo, elimu, uhuru, na ikataja kabisa kucheza na kupumzika, na haijasema haki hizo ni za mtoto anayelipiwa laki mbili kwa mwezi. Wa buku naye ni mtoto. Usiende pale kama mtu anayeomba msaada.

Hofu yako ya visa naielewa na siidharau. Nilipokuwa nafundisha tulimpokea mtoto mmoja katokea kituo kingine, huyu mtoto muda wa kulala alikuwa hataki kuvua viatu, ukimvua analia mpaka anakosa pumzi, tukaacha alale navyo. Wiki mbili nzima. Siku moja tunacheza akaninong'oneza kwamba akivua viatu mama akija ataondoka bila yeye. Kumbe kule alikotoka walikuwa wakimtishia, ukisumbua tutamwambia mama asije kukuchukua, akaona dawa ni kulala tayari tayari. Mama yake hakuwa anajua chochote, na alikuwa mama mzuri tu. Ndo nasema, visa ukikaa kimya vinaweza kuwa vipo tayari na wewe hujui, kunyamaza hakumlindi.

Lakini usiende peke yako. Ukienda peke yako utaitwa mkorofi, mkienda watatu nyinyi ni wazazi. Jioni pale getini zungumza na mama wawili watatu unaowaamini, waambie ulichokiona kama kilivyo, usiongeze chumvi. Halafu muongeeni na huyo dada pembeni, watoto wasisikie, na muanze na mazuri yake maana na yeye yuko peke yake na watoto ishirini tangu alfajiri, hata mimi nilisomea lakini ishirini wa miaka mitatu peke yangu nisingeweza. Mwambieni komeo la nje litoke, asiwaache bila mtu mzima hata dakika tano, na mtoto akitaka kukojoa aende muda wowote hata wenzake wamelala. Kama kituo hakina poti changeni mnunue mbili, poti la plastiki sio hela ya kutisha. Na kama anatoka kwenda dukani kwa sababu hana wa kumtuma, basi mpangeni, mama ambaye siku hiyo hana kazi akae naye masaa mawili matatu. Nimeona sehemu wazazi wanafanya hivyo na inaenda.

Ikiwa hamjasikilizwa, mguu mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, mkaulizie Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au wa halmashauri. Vituo vya kulelea watoto mchana viko chini ya Ustawi wa Jamii na vinatakiwa kusajiliwa, una haki ya kuuliza cheti cha usajili kiko wapi na wala sio umbea. Sheria hiyohiyo kifungu cha 95 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aende akaripoti kwa serikali ya mtaa wake, kwa hiyo hata yule jirani anayekwambia vumilia naye inamhusu. Ukishindwa kwenda piga 116, simu ya mtoto, ni bure.

Ila mkifika kwa Ustawi semeni wazi tunataka kituo kirekebishwe, hatutaki kifungwe. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeshuhudia kituo kinafungwa kwa kishindo, wiki inayofuata wale watoto wako wapi? Wamefungiwa majumbani na dada wa miaka kumi aliyeachishwa shule ili awaangalie. Mama lishe kesho yake lazima aende saiti. Mwombeni afisa aje, akae, aandike kinachotakiwa kurekebishwa na awape muda.

Na nyumbani cheza na mwanao mchezo wa dei kea. Mwambie "leo wewe ndo anti mi ndo mtoto, haya nilaze". Usimuulize maswali ya kumlisha majibu kama anti anakupiga eti, we cheza tu uone atakavyokulaza, atakavyokufokea au atakavyokubembeleza. Watoto wa umri huo mara nyingi hawasimulii, wanaigiza. Ukiona kwenye mchezo kuna kuguswa sehemu za siri, au ukaona michubuko mwilini, hapo hakuna tena kikao na dada wala mama wenzako, ni hospitali na dawati la jinsia na watoto polisi siku hiyohiyo.

Niandikie tena mwanangu, nataka kujua kuhusu hilo komeo.

SWALI: Shangazi habari za kazi. Kijana wangu ana miaka minne, yuko nasari hapa Morogoro, anatumia mkono wa kushoto. Mwalimu wake anampiga rula kwenye vidole kila akishika penseli kwa kushoto, na kila siku anarudi na homuweki kurasa mbili za kuandika a e i o u. Sa hivi asubuhi anatapika akiona yunifomu. Mke wangu anasema hiyo shule ni nzuri watoto wanatoka wanajua kusoma, na mkono wa kushoto ni mwiko hata wazee walikuwa wanaukataza. Mi naumia lakini sijui kama nina haki ya kuingilia kazi ya mwalimu.
*Baba K, Morogoro*

JIBU: Salama kaka, na asante kwa kuandika, akina baba wanaoniandikia kuhusu chekechea nawahesabu kwa vidole.

Mtoto anayetapika akiona yunifomu ameshakujibu swali lako. Una haki, tena una wajibu. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza adhabu za kikatili, na kinasema adhabu haina uhalali kama imezidi kiasi kwa umri wa mtoto au kama mtoto kwa udogo wake hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Sasa mtoto wa miaka minne ataelewaje kwamba mkono wake mwenyewe ni kosa? Hata hizo kanuni za viboko zilizopo mashuleni kwetu Tanzania, ambazo mimi binafsi ningependa zifutwe kabisa kama wenzetu Kenya walivyofuta 2001, zinasema kiboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, mkuu wa shule ndo anatoa au mwalimu aliyemuidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne na viandikwe kwenye kitabu. Hakuna kanuni inayosema rula kwa sababu ya mkono wa kushoto. Nenda kwa mwalimu mkuu, mwambie hivyo kwa utulivu, omba jibu la maandishi. Akikuzungusha, wapo wathibiti ubora wa shule wa wilaya, wale tuliokuwa tunawaita wakaguzi, ndo kazi yao.

Kwa mama yake sasa, wifi yangu, hapa naomba nikuongeleshe kwa upole. Wazee wetu kukataza mkono wa kushoto walikuwa wanaongelea sahani, kupeana vitu, kusalimiana. Hiyo ni adabu, mfundishe nyumbani polepole na ataijua. Lakini penseli sio ugali. Mkono anaoandikia umetoka na ubongo wake alivyozaliwa, ukimlazimisha anaweza kuandika kwa shida na kuichukia penseli yenyewe.

Na hizo kurasa mbili za a e i o u kwa miaka minne mimi sizikubali. Vidole vya mtoto wa umri huo misuli yake bado haijakomaa, vinakomazwa kwa kufinyanga udongo, kuchambua maharage, kufunga vifungo vya shati, kuchora ardhini kwa kijiti, halafu ndo penseli inakuja yenyewe. Angalia akishika penseli, kama ameikamata na ngumi nzima basi bado. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, sisi Tanzania tuliuridhia 1991, ibara ya 31 imeandika kucheza ni haki, na mwaka 2005 ile kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ikatoa maelezo maalum kwa ajili ya hawa wadogo kwa sababu ripoti za nchi nyingi zilikuwa zinawataja kidogo sana. Shule nzuri ya nasari ukipita nje unasikia kelele za watoto kaka. Ukikuta kimya saa nne asubuhi, simama uulize.

SWALI: Shangazi shikamoo, mimi ni mlezi kwenye kituo huku Mwanza, nina watoto 34 peke yangu mwenye kituo ananilipa elfu themanini na miezi mingine hanilipi. Nilipata semina ya siku tatu wakatufundisha kujifunza kwa michezo, nikajaribu, wazazi wakaja juu wanasema mtoto wangu anacheza tu hajui hata eibiisii, nataka aongee kiingereza. Mwenye kituo akaniambia nirudi kwenye kuandika ubaoni. Nimechoka. Mnatusema sana walezi lakini nani anatutetea sisi?
*Anti wa Mwanza*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umesema kweli na naiandika hapa waisome wote waliosoma barua ya Mbagala hapo juu wakakasirika. Mtu anayelipwa elfu themanini akiwa na watoto 34, wakati mwingine halipwi, huyo hata awe na moyo wa dhahabu mwisho wa siku atafunga komeo. Kumtetea mtoto wa chekechea bila kumtetea anayemshika ni kazi nusu. Serikali yenyewe Desemba 2021 ilizindua pale Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ndo hiyo mnaisikia PJT-MMMAM, inamuangalia mtoto tangu mimba mpaka miaka minane, wanataja mambo matano, afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi na usalama. Sasa hayo malezi yenye mwitikio ni kwamba mtoto akilia mtu anaitika. Kwa 34 unaitika wangapi?

Omba kikao cha wazazi, mwenye kituo awepo, jumamosi. Usiwahutubie. Waweke wacheze. Wape visoda vya rangi wavipange, huyu atenge vyekundu, huyu ahesabu kumi kumi, huyu asimulie amejenga nini. Baada ya robo saa waulize wamefanya hesabu ngapi na wametumia maneno mangapi. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa pili wa kufundisha na baba mmoja aliyekuja kuniwakia aliondoka amekumbatia lile kopo la visoda anasema anaenda kucheza na mwanae. Kuhusu kiingereza waambie mtoto mwenye maneno mengi ya Kiswahili au Kisukuma kichwani ana pa kukipachika kiingereza kikija.

Vifaa visikutishe. Pale Mombasa miaka ya themanini zilipoanza chekechea za madrasa, Bi Swafiya Said akiwa mkufunzi wa kwanza, walitumia vitu vya pwani vilivyokuwa vinaokotwa, vifuu, makombe ya baharini, makuti, mbegu, na mpango ule ukavuka ukaenda Zanzibar na Uganda. Wewe uko ziwani, una kokoto, una makombe ya konokono, una mbegu za maembe.

La mshahara uandike barua, tarehe, miezi ambayo hujalipwa, nakala baki nayo, moja mpe mwenye kituo. Ukienda kwa Afisa Ustawi kuhusu watoto 34, ipeleke na hiyo, maana ni jambo moja. Na jiungeni walezi wa mtaa mzima, hata grupu la WhatsApp tu kwa kuanzia, mwenye kituo akijua mnaongea atafikiria mara mbili.

SWALI: Salaam aleikum Shangazi. Niko Kisauni, Mombasa. Nilimpeleka binti yangu PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, shule ya serikali wakampa intaviu, hakujibu kwa haya zake, wakasema hajafuzu nijaribu mwakani. Ana miaka minne. Ni sawa?
*Mamake Z*

JIBU: Waaleikum salaam. Si sawa bibi weye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuingilia, labda uwe wa kujua wampange darasa gani tu. Na haya si ujinga, mtoto wa miaka minne akikaa kimya mbele ya mgeni yuko sawasawa. Chekechea kwenu ni kazi ya kaunti, katiba ya 2010 ndiyo iliyosema, kwa hiyo nenda ofisi ya elimu ya awali ya kaunti na tarehe uliyokataliwa na jina la shule. Usingoje mwakani.

SWALI: Mwanangu Shangazi, mie ni bibi niko Tanga, mjukuu wangu ana miaka mitano hatembei vizuri, miguu imekaza, lakini ana akili mno anajua bei za vitu vyote dukani kwangu. Nimempeleka darasa la awali mwalimu mkuu kasema huyu apelekwe shule maalum, mara cheti cha kuzaliwa hana. Hiyo shule maalum iko mbali, alale huko na nani? Mamake yuko Arabuni kikazi. Mie nimezeeka nitamtetea vipi?
*Bibi wa Tanga*

JIBU: Shikamoo bibi. Umeandika barua nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu, utamtetea vizuri tu.

Tuanze na cheti maana hicho chepesi. Watoto walio chini ya miaka mitano wanasajiliwa na kupewa cheti bure kwa ule mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ulioanzia Mbeya 2013, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mjukuu ameshafika mitano kwa hiyo mwambie mtendaji wa kata akuelekeze ofisi ya wilaya, beba kadi yake ya kliniki na kitambulisho chako. Na kukosa cheti kusiwe sababu ya kumrudisha nyumbani mtoto, mwambie mwalimu aandikishwe wakati wewe unafuatilia.

Hili la pili ndo kubwa. Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inampa mtu mwenye ulemavu wa umri wowote haki ya kusoma pamoja na wengine. Sheria ya Mtoto nayo inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu. Shule maalum ipo kwa anayeihitaji, sio pa kumtupia kila ambaye mwalimu anaona atampa kazi. Na darasa la awali la serikali halina ada, hilo unalijua.

Bibi, usiende kumuelezea mjukuu, nenda naye. Mwalimu mkuu amekataa miguu, hajamuona mtoto. Nenda asubuhi na mapema kabla hajazongwa na watu, umchukue na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe au jirani yeyote wa kusimama nawe, mkalishe mjukuu kwenye kiti mbele yake, halafu mwalimu amuulize kilo ya sukari bei gani na akitoa noti ya elfu kumi anarudishiwa ngapi. Wewe nyamaza, mwache ajibu mwenyewe.

Kisha ongeeni mambo ya kawaida kabisa, choo kiko umbali gani na darasa, kuna ngazi ngapi, atakaa dawati la mbele karibu na mlango, wenzake wawili wa kumsaidia ni nani. Ngazi mbili tatu fundi wa mtaani anaziba kwa mfuko mmoja wa simenti, nimeona kwa macho yangu. Akiendelea kukataa mwombe aandike kwenye karatasi kwamba amemkataa na sababu, asaini, hiyo karatasi uipeleke kwa afisa elimu kata, na kwa Ustawi wa Jamii uulizie pia fundi wa mazoezi ya viungo hospitali ya mkoa, miguu iliyokaza kwa umri huo inafanyiwa kazi. Mara nyingi mtu akiambiwa aandike na kusaini anatafuta nafasi ya dawati.